Mizani ya Kwetu na Mizani ya Wenzetu

Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja alisimama, akakohoa kidogo kama ilivyo desturi yake kabla ya kusema neno zito, akasema: "Bwana Katibu, sisi kila msimu twaambiwa tuchume vizuri, tuchambue vizuri, tuanike vizuri, kisha tubebe magunia mpaka kituoni. Kule Bukini nasikia mnunuzi huja mpaka mlangoni na fedha mkononi. Kule Java nasikia karafuu ni dhahabu. Mbona wenzetu wamestarehe, na sisi tungali na magunia kichwani?" Watu wakapiga makofi. Nasi hatukuwa na jibu la papo hapo, tukaahidi kulitafuta na kulieleza katika ukurasa huu.

Ahadi ni deni. Tumesoma tulivyoweza kusoma, na tumewauliza mabaharia na jamaa waliofika nchi hizo. Wala haya tunayoyaandika si khabari za kupitishia jioni tu. Katika mkutano ujao wanachama watatakiwa kupiga kura juu ya jambo la fedha ambalo tutalitaja mbele, na haifai mtu kupiga kura juu ya karafuu yake hali hajui wenzake wa ng'ambo wamefikwa na nini kwa karafuu hiyo hiyo.

Kwanza tukumbuke kwamba mkarafuu kwetu ni mgeni aliyefanywa mwenyeji. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia: Ternate, Tidore, Moti na Makian, visiwa vya milima ya moto ambavyo ukivitazama katika ramani ni kama punje za mtama zilizomwagika. Waholanzi walipokwisha kushika nguvu huko katika karne ya 17 walitaka karafuu yote ya dunia ipite mikononi mwao. Wakaamuru mikarafuu ipandwe Ambon na visiwa vya jirani tu, na penginepo ikatwe. Walipeleka mashua nyingi za makasia, zenyewe zikivutwa na watu wa huko huko, kuzunguka visiwani na kukata miti ya watu. Fikirini: mtu kaamka asubuhi, anaona mashua pwani, na ifikapo adhuhuri mikarafuu ya babu yake iko chini. Na waliotumwa kuikata ni jirani zake. Huyo alikuwa mnunuzi mmoja wa namna ya peke yake.

Lakini mbegu haina pasi. Mnamo mwaka 1770 Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Poivre alifanikiwa kuleta miche kwa siri mpaka kisiwa cha Mauritius, na kutoka huko ikafika Réunion. Kutoka visiwa hivyo ikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea mpaka Pemba. Na kwa njia hiyo hiyo, katika miaka ya 1820, ikafika kisiwa kidogo cha Sainte-Marie kilicho ubavuni mwa Bukini. Kwa hivyo mikarafuu yetu na ya Bukini ni watoto wa nyumba moja. Na tufani kubwa ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja ikaiacha ya Pemba imesimama, ndipo Pemba ikawa ndiyo ghala ya karafuu, kama mjuavyo nyote.

Sasa twende Indonesia, maana huko ndiko kwenye mambo.

Watu wengi wa kwetu hudhani karafuu huliwa. Huko Indonesia karafuu huvutwa. Inasimuliwa kwamba katika mji wa Kudus, Java, katika miaka ya 1880, palikuwa na mtu aitwaye Haji Jamhari aliyekuwa akiugua kifua. Akajipaka mafuta ya karafuu akaona nafuu, kisha akafikiri: nikiyapaka juu yanafaa, je, yakiingia ndani? Akaisaga karafuu, akaichanganya na tumbaku, akaisokota, akaivuta. Sigara hiyo ikiwaka hulia tiki-tiki kama chumvi iliyotupwa motoni, ndiyo maana wenyewe wakaiita kretek. Leo madaktari watatwambia kwamba moshi si dawa ya kifua cha mtu yeyote, na wasema kweli. Lakini biashara ilikwisha ota mizizi. Viwanda vikubwa vikasimama Kudus na Kediri, na ndani yake maelfu ya wanawake wamekaa safu kwa safu wakisokota kwa mikono kwa upesi ambao macho hayaufuati. Nchi ile ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko nchi zote duniani, na sehemu kubwa kabisa ya karafuu hiyo haitoki nje. Huishia midomoni mwa wenyewe.

Zamani karafuu yao haikuwatosha, na wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 Indonesia ndiyo iliyokuwa mteja wetu mkubwa. Kisha serikali yao ikawahimiza watu wapande, nao wakapanda kwa bidii, Sulawesi, Maluku, Sumatra na Java yenyewe. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi minane. Hesabuni wenyewe. Ilipofika miaka ya 1980 miche ile ilikuwa miti, mteja wetu akawa anajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Wengi wetu tulikuwa watoto au hatujazaliwa, lakini tumekulia katika nyumba ambazo mwaka ule uligawa maisha mawili: kabla ya bei kuanguka na baada yake. Wako waliong'oa mikarafuu wakapanda muhogo.

Ama maisha ya mkulima wa huko, ukiyatazama kwa karibu utadhani uko Wete au Mkoani. Shamba ni dogo, limechanganyika na minazi, migomba na kungumanga. Huchuma kwa mikono, na kupanda mtini hutumia ngazi ya mwanzi mmoja mrefu uliofungwa kwa kamba. Karafuu huanikwa mbele ya nyumba na kando ya barabara, juu ya majamvi na maturubali, na dereva asiyekuwa na haya huipitia juu. Huko Minahasa, kaskazini ya Sulawesi, wana desturi ya kale iitwayo mapalus, ya kusaidiana kazi za shamba zamu kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, na asiyefika zamu ya mwenziwe hukosa watu zamu yake. Huko Maluku wana desturi nyingine iitwayo sasi. Wazee wa kijiji hufunga mavuno ya kitu fulani, nazi au samaki wa ufuo fulani, wakaweka alama ya makuti machanga, na hapana ruhusa ya mtu kugusa mpaka siku ya kufunguliwa. Kwetu mtu hutundika kago juu ya mti wake peke yake, amtishe mwizi. Wao hutundika kuti kwa ajili ya kijiji kizima, na humzuia hata mwenye mti asichume kabla ya wakati. Hapo tulisimama kidogo tukafikiri juu ya wale wa kwetu wachumao karafuu changa kwa kukimbilia fedha, kisha wakalia kwamba imepungua uzito juani.

Na jambo moja zaidi. Imesimuliwa kwamba watu wa Maluku walikuwa wakizaa mtoto hupanda mkarafuu, na mti ukistawi hujulikana mtoto naye atastawi. Sisi hatupandi hivyo, lakini ni nani kati yetu asiyejua mti fulani katika shamba lao ni wa nani na uliachwa na nani?

Haya, sasa biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Indonesia iliunda bodi moja ya kununua karafuu yote ya wakulima na kuviuzia viwanda. Mkuu wake alikuwa Hutomo Mandala Putra, mtoto wa Rais Suharto. Iliahidiwa kwamba bodi itamlinda mkulima na kumpa bei ya hakika. Mambo yakawa kinyume. Viwanda vilikuwa na akiba na havikuwa na haraka, karafuu ikalala ghalani, na bei iliyomfikia mkulima ikawa chini kabisa ya ile ya kwenye karatasi. Tena ikakatwa: kwa kupitia vyama vya ushirika vya vijijini, mkulima alizuiliwa sehemu ya fedha yake kwa jina la akiba. Tunawaomba mlikumbuke neno hilo "akiba", tutalirudia. Watu wakaacha karafuu ikaiva juu ya mti, wengine wakaikata mikarafuu yenyewe, safari hii bila ya mashua za Waholanzi. Bodi ile ilivunjwa mwaka 1998, nchi ilipokwama kwa madeni na Shirika la Fedha la Dunia likaweka hilo kuwa mojawapo ya masharti yake. Miaka michache baadaye karafuu ikawa haba, kwa kuwa miti ilikwisha katwa, na bei ikaruka juu sana. Waliofaidi ni wale waliovumilia miti yao. Na baadhi yao, khasa Maluku, wana mazoea ambayo tungependa yafike kwetu: karafuu ikishakauka vizuri huwekwa ndani ya nyumba kama fedha. Huuzwa kidogo kidogo, gunia moja kwa ada ya skuli, jingine kwa bati za paa, jingine kwa harusi. Karafuu iliyokauka barabara haina haraka, mwenye haraka ni mtu.

Tumesema ya mnunuzi mmoja. Mzee wetu atasema: basi twende kwa wanunuzi wengi, twende Bukini.

Twende. Pwani ya kaskazini-mashariki ya Bukini, Madagaska, uko mkoa uitwao Analanjirofo, na jina lenyewe maana yake ni msitu wa mikarafuu, kwani karafuu wao huiita jirofo. Mvua ni nyingi, vilima ni vya kijani, na vimbunga vyao ni vya kweli. Kile kiitwacho Enawo kilichopiga Machi 2017 kiliangusha nyumba na miti pamoja. Watu wa huko ni Wabetsimisaraka. Hula wali asubuhi, mchana na usiku, na sokoni mchele hupimwa kwa kopo waliitalo kapoaka, ambalo asili yake ni kopo la maziwa, kama vile sisi tulivyozoea pishi na kibaba. Wana miiko mingi, wenyewe huiita fady, na siku nyingine za wiki, khasa Jumanne, mtu hashiki kazi ya shamba la mpunga hata ardhi iwe tayari kiasi gani. Wazee wao waliokufa wana heshima kubwa, na mtu hawezi kuuza shamba bila ya kufikiri kaburi liko wapi.

Serikali yao iliacha kushika biashara ya karafuu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Basi ni kweli kama alivyosikia mzee, mnunuzi huja mlangoni. Huja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa ngalawa. Huyo humuuzia mwingine mwenye ghala katika mji mdogo, huyo naye humuuzia mwingine, mpaka ifike bandari ya Toamasina kwa mwenye leseni ya kupeleka nje. Karafuu hupakiwa kwenda Bara Hindi, Singapore na, katika miaka ya upungufu, Indonesia kwenyewe. Kila mkono inapopita huacha kitu, na wa chini kabisa ndiye mwenye shamba.

Lakini lililotusimamisha si wingi wa mikono. Ni swali hili: yule mnunuzi ajapo mlangoni, huja lini? Huja mchele ulipokwisha ndani. Huja mvua ikinyesha, mpunga mpya bado, watoto wanalia, na karafuu ingali vichomozo vya kijani juu ya mti. Hapo hutoa fedha au hutoa mchele, na karafuu ile inakuwa yake kabla ya kuchumwa, kwa bei atakayo yeye. Biashara hiyo ina jina lake, varo-maitso, yaani mauzo mabichi. Msimu ukifika mkulima hupanda mti wake mwenyewe, huchuma karafuu zake mwenyewe, naye ni kibarua wa mtu. Kwa hivyo mlangoni kuna mnunuzi kweli, mzee wetu hakudanganywa, lakini mkononi mwake pamoja na fedha kuna daftari.

Tena wana jambo la majani. Mashambani mwao utaona mapipa ya chuma na ya shaba juu ya moto, majani ya mkarafuu yanapikwa kwa mvuke yatoke mafuta. Ni fedha ya haraka, haingoji msimu. Lakini mti uliokatwa matawi kila mara hauzai sawasawa, na kuni za kupikia hutoka msituni. Kwetu tuna bahati kwamba kiwanda cha Wawi hutumia makonyo, ambayo yamekwisha kutoka mtini pamoja na karafuu. Wale vijana wanaovunja matawi wakati wa kuchuma kwa uvivu wa kupanda wanajijua, hatutaki kuharibu ukurasa kwa ajili yao.

Kabla ya kurudi nyumbani, tuwape kidogo khabari ya wale wanaonunua, maana ni ajabu kuona kitu chetu katika mikono ya watu wasiotujua. Bara Hindi mtu akifunga tambuu hulichoma kwa karafuu moja lisifunguke, na karafuu hiyo hutafunwa pamoja nalo. Omani, ambako jamaa zetu wengi wapo na Kiswahili chasikika sokoni Matrah, karafuu husagwa katika manukato ya wanawake, kama sisi tunavyoitia katika singo ya bibi harusi. Uholanzi kuna jimbo ambalo watu wake huitia karafuu nzima nzima ndani ya jibini. Waingereza huichomeka katika machungwa ikifika Krismasi, nyumba inukie. Na mataifa mengi yaliitazama karafuu yakaona kitu kimoja: Wafaransa huiita msumari, Wahispania msumari, Waholanzi msumari, Waajemi kimsumari, hata Wachina katika jina lake wametia msumari. Waarabu, na sisi nyuma yao, tumeacha msumari tukasema karafuu tu. Labda ni kwa kuwa sisi ndio tulioiona ingali ua.

Turudi sasa. Sisi wenyewe tumekwisha kuonja njia zote mbili. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili karafuu ilinunuliwa na wafanyabiashara wengi, na wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni kwa kukopa karafuu zingali mtini, sawa sawa na varo-maitso. Mashamba yakawa yanahama mikononi, mpaka mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuyazuia yasitwaliwe na wenye kudai. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoundwa mwaka 1927 kilipewa mwaka 1937 nguvu kubwa juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakakataa, na huko Bara Hindi watu wakahimizwa wasinunue karafuu yetu, mpaka yakafanywa mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, nalo ndilo tulilozoea kuliuzia. Kwa miaka mingi bei ya kituoni ilikuwa ndogo mno mbele ya bei ya dunia, na mashua za usiku zikajua njia ya Shimoni kama punda ajuavyo njia ya kwao. Mwaka 2011 Serikali ikaipandisha bei sana, na magendo yakapungua kwa kiasi ambacho bunduki hazikupata kukipunguza. Hilo ni la kushukuru, nasi tunalisema wazi, kama ambavyo bei ilipokuwa mbaya chama hakikunyamaza.

Basi, kwa rai yetu, swali la mzee wetu halijibiwi kwa kusema mnunuzi mmoja ni bora au wengi ni bora. Indonesia walikuwa na mmoja wakaumia, Bukini wana wengi na wanaumia. Tumeyapima maneno yote tukaona kuna mambo mawili tu yanayomtofautisha mkulima anayepata na asiyepata: nani ameshika mizani, na nani anaweza kungoja.

La mizani tulisimulie kwa yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulikusanya mdalasini wa wanachama kumi na wawili tukaupeleka mjini kwa mnunuzi mmoja wa viungo. Tulikuwa tumeupima ofisini, kila kifurushi kilo 20. Kwake kila kifurushi kikawa 18 na nusu. Tulipouliza, akatwambia mdalasini "umekauka njiani". Njia yenyewe ni ya saa moja na nusu kwa gari. Tulikuwa tumekwisha kulipa nauli, jua linakuchwa, tukauza. Hatujasahau. Sisi sote tuliosoma chuoni tunajua kwamba Qur'ani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na tunadhani yule bwana naye aliisoma, lakini siku ile hatukuwa na la kumfanya kwa sababu hatukuwa na mizani ya ushahidi mkononi wala nauli ya kurudi na mzigo. Wala tusiwaseme wengine tu: katika vijiji vyetu hivi hivi kuna watu wazima wanaonunua karafuu za watoto kwa vikombe, na kikombe chenyewe ni kile kilichochaguliwa dukani kwa ukubwa wake.

La kungoja ni zito zaidi. Mwezi uliopita alifika ofisini bibi mmoja mwanachama, mjane, mwenye mikarafuu mizuri aliyoachiwa na mumewe. Hakuja kukopa, alikuja kuuliza tu ikiwa karatasi aliyoitia dole gumba inavunjika. Tuliisoma. Alikuwa ameuza mavuno yote ya msimu huu zikiwa zingali vichomozo, kwa ajili ya ada na sare za watoto wawili. Tulimpigia hesabu kwa mavuno yake ya miaka iliyopita: kwa kila shilingi 100 ambazo karafuu hizo zingemletea kituoni, yeye alikuwa amepokea shilingi 45. Na gharama za wachumaji, karatasi ilisema, ni juu yake. Alinyamaza, akakunja karatasi mara nne, akaitia katika pindo la kanga, akasema, "Basi, watoto wamekwenda skuli." Hatukuwa na la kumwambia. Katika sanduku la chama siku ile mlikuwa na fedha isiyofika hata sare moja.

Huyo si mmoja. Tumeuliza wajumbe wa kila tawi, kwa siri bila ya kutaja majina, nao wamekiri kwamba katika kila tawi wamo. Hao ndio varo-maitso yetu. Na bei ya kituoni ikipanda hata mara mbili, wao hawaioni, kwa sababu karafuu si yao tena ifikapo kwenye mizani.

Hoja itakayoletwa mbele ya mkutano basi ni hii. Kila mwanachama atoe fedha ya makonyo yake ya msimu mmoja, si ya karafuu, iwekwe katika mfuko wa kukopeshana. Mwanachama mwenye shida kati ya msimu na msimu akopeshwe, bila ya riba kabisa, kiasi kisichopita thuluthi ya mavuno yake ya kawaida, naye alipe akishauza. Ikiwa msimu ni mbaya kwa wote, deni lingoje msimu wa pili. Na chama kinunue mizani ya pili iwekwe tawi la kaskazini, ili kila gunia lipimwe na kuandikwa kabla ya kutoka kijijini.

Wako watakaosema, na wameshaanza kusema barazani: fedha ya watu wengi katika sanduku moja ina meno. Wana haki. Tumewaeleza hapo juu habari ya ile "akiba" ya Indonesia, tena ilikatwa na vyama vya ushirika, jina kama letu. Ndiyo maana tunapendekeza sanduku liwe na funguo tatu mikononi mwa watu watatu wa matawi matatu, na Katibu asiwe mmoja wao. Ndiyo, sisi wenyewe twasema hivyo. Daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, jina kwa jina ya fedha iliyoingia, na kwa wenye kukopa idadi tu, maana shida ya mtu ni sitara yake. Atakayekuwa na rai bora kuliko hii na ailete, hata kwa karatasi, asiyejua kuandika aje tumwandikie.

Mkutano utakuwa siku ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, uwanjani mbele ya ofisi, na mvua ikinyesha ndani ya banda la kuanikia. Kura itakuwa kwa kunyoosha mkono, na mabibi wenye mikarafuu waje wenyewe wasipeleke salamu. Mzee aliyeuliza swali tumekwisha msomea makala haya kabla ya kupigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza Toamasina ni siku ngapi kwa jahazi, kisha akasema kura yake hatatuambia mpaka siku yenyewe, ila atakuja na mizani yake ya nyumbani kuilinganisha na yetu. Tumemwambia aje nayo.